Sahani Iliyokwenda kwa Mama Mkubwa

Chora, Skyros
11 Aprili 2024

Mpendwa dada yangu Evanthia,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nina habari iliyoninyima usingizi mwezi mzima. Lakini Mama angefufuka anizabe kofi nikianza na habari kabla ya kukujulia hali. Basi nakujulia hali. Goti linaendeleaje? Na presha? Ile dawa mpya imekukubali, au bado inakupa kizunguzungu? Shemeji Pandelis ameacha sigara kweli, au bado anajificha nyuma ya gari akidhani humwoni? Nasikia huko Melbourne ndiyo mnaingia kwenye baridi. Sisi baridi inatuaga, na milima imejaa maua mpaka mbuzi wanachagua.

Huku wote wazima. Mume wangu Anestis analalamika mgongo, lakini siku za kanivali, kabla ya Kwaresima, alijifunga kengele zake za kilo hamsini na kuruka nazo vichochoroni kama kijana, kwa hiyo huruma yangu kwake imekwisha. Paa la jiko limeacha kuvuja. Mimi nimenenepa kidogo. Hizo ndizo salamu, nimezimaliza, Mama apumzike kwa amani.

Sasa, hicho kifurushi kilichokuja na barua hii, usikifungue. Nakujua, dada, pengine umeshakipasua kwa meno. Kama bado, kiweke mezani mbele yako, usome kwanza, kisha ufungue. Nisikilize mara moja tu katika maisha yako.

Unakumbuka wakati wa Krismasi nilikwambia kwenye simu kwamba binti yangu Lemonia amechoka. Miaka sita imepita tangu arudi kutoka Athens na kufungua karakana yake. Anafinyanga, anachora, anachoma, na watu wakiingia wanamuuliza kama ana sahani zenye jogoo na maua, kama zile za zamani tulizotundika ukutani. Yeye hachori jogoo. Anachora anavyojua mwenyewe. Mwezi wa Januari akaniambia amepata kazi ya ofisini Athens, na atalizima tanuri lake kabla ya Pasaka. Aliniambia bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Halafu, wiki mbili baadaye, ikaja barua. Kuna maonyesho ya wafinyanzi wa siku hizi huko Athens, na wamechagua sahani yake moja. Moja tu, lakini katikati ya ukumbi! Mwandaaji, Bi Ourania, angepita kisiwani kwa shughuli zake na kuichukua mwenyewe, arudi nayo kwa meli ya Jumanne mchana. Lemonia akakata kauli hapo hapo: sahani ikienda, anabaki. Isipokwenda, anafunga karakana. Wewe unamjua, ana kichwa kigumu kama chako.

Sasa nikueleze kosa langu, na usicheke mpaka nimalize.

Ilikuwa Jumamosi ya Marehemu, siku tatu kabla ya meli hiyo. Ngano yangu ya kuwaombea wafu wetu nilikuwa nimeichemsha, nimeikausha, nimeichanganya na zabibu, komamanga na lozi, imebaki kuiweka kwenye sinia na kuipeleka kanisani. Lakini sinia langu la fedha liko kwa Annezo, jirani yetu, tangu siku ya jina la Anestis, nilipompelekea keki. Hajapata cha kuweka ndani yake, na kulirudisha tupu hawezi, na mimi kuliomba siwezi. Kwa hiyo sinia linakaa kwake na sote wawili tunajifanya tumelisahau.

Nikatazama kabatini. Pale juu kulikuwa na sahani kubwa iliyofunikwa taulo. Lemonia huleta nyumbani zile zinazotoka tanurini zikiwa na kasoro, ndizo tunazolia chakula kila siku. Nikaifunua. Weupe wake haukuwa weupe kamili, ulikuwa kama maziwa ya kondoo. Mstari mmoja mnene mweusi ulianzia pembeni, ukaja, ukaja, halafu ukakatika katikati ya njia bila sababu. Chini yake bluu iliyochujuka, na karibu na ukingo kidoa cha rangi ya kutu ambacho mimi, Mungu anisamehe, nilijaribu kukikwangua kwa ukucha. Nikajisemea, maskini mwanangu, hii nayo imeharibika. Nikaigeuza, nikaandika jina langu kwenye kisigino, yaani kitako chake, kwa rangi nyekundu ya kucha, kama tunavyoandika sote, maana kanisani sahani arobaini zikipangwa pamoja bila majina ni vita. Nikajaza ngano, nikapiga sukari juu ikawa laini kama shuka, nikachora msalaba kwa lozi, nikaenda.

Ibada ilipokwisha tukaanza kugawana, na hapo nikaitwa: mbuzi wetu wameingia kwenye kunde za padri. Za padri, Evanthia, na yeye bado amevaa majoho! Nilikimbia nikaacha sahani mezani na ngano robo ndani yake. Tulipomaliza kuwatoa mbuzi nilikuwa nimechoka hoi, na sahani nikaisahau kabisa.

Jumapili asubuhi Lemonia akaingia na sanduku la mbao alilolifuata bandarini Linaria, limejaa majani makavu, anaimba. Akatazama kabatini, alikoiweka isivunjike karakanani. Akaniuliza sahani iko wapi. Nami, mjinga nisiyejua lolote, nikamuuliza, "Ipi, ile mbovu?"

Dada, sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akaweka sanduku mapajani. Kisha akasema, "Hukuijua, Mama?"

Basi. Angenitukana ningepona haraka zaidi. Ile ilikuwa sahani aliyoirudia mara kumi na moja, aliyoivunja na kuianza upya, na mimi niliyemzaa nikaiona mbovu nikaikwangua. Nilitaka ardhi inimeze.

Tukatoka kuitafuta. Vichochoroni wanaume walishavaa ngozi zao za mbuzi na kengele za kanivali, huwezi kusikia hata mawazo yako mwenyewe, tunaulizana na watu kwa ishara kama mabubu. Padri, ambaye hakuwa na furaha kuniona, akasema sahani zilizobaki alizikusanya Annezo. Tukaenda kwa Annezo. Annezo akajipiga kifua na kusema aliona ngano imebaki, akawakumbuka wasioweza kufika kanisani, akampelekea mgonjwa mmoja mwenye goti bovu. Nikamuuliza mgonjwa gani. Akatazama miguu yake. Nikajua.

Mama Mkubwa Maroudio.

Ndiyo, yeye. Dada wa Mama, miaka themanini na minne, tusiyesalimiana naye tangu msiba wa Mama. Wewe ulishaondoka zamani, ulisikia kwa simu tu, na kwa upande wangu tu. Siku ya arobaini alisema ile sahani yenye ndege wa kuchorwa, iliyokuwa katikati ya ukuta wetu, ni ya kwao, Mama aliiazima alipoolewa na hakuirudisha. Mimi nikasema itatoka ukutani nikiwa maiti. Akaondoka na fimbo yake. Miaka tisa, dada. Nikimwona sokoni nilikuwa najifanya nachagua vitunguu.

Lemonia akaniambia nimsubiri kwa Annezo, ataingia peke yake. Nikakataa. Kosa ni langu, aibu iwe yangu. Nikapiga moyo konde, nikapanda ngazi zile zote nikitunga maneno: sahani yangu ilichukuliwa kwa makosa, naomba nirudishiwe, kwaheri. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa.

Mlango ulifunguka kabla sijagonga. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Akanivuta kichwa kwa mikono miwili, akanibusu huku na huku, mashavu yake yamelowa. Akasema alijua ningekuja, ila hakujua kama magoti yake yangemfikisha mlangoni. Mimi nimesimama kama gogo. Akatuingiza ndani, na hapo nikaiona.

Unaukumbuka ukuta wake. Hakuna sahani pale iliyo chini ya miaka mia, na mpaka majuzi katikati palikuwa na msumari mtupu, ule wa sahani ya ndege. Sasa kwenye msumari huo ilikuwa imetundikwa sahani ya mwanangu. Lemonia hutoboa matundu mawili kwenye kisigino kabla ya kuchoma, kama walivyofanya wa zamani, ingawa ukimwambia hivyo ananuna. Mama Mkubwa alipitisha waya na kuitundika. Na sikiliza hili: ilikaa vizuri. Katikati ya ndege na maua na samaki wa kale, ule mstari mweusi ulikuwa umetulia kana kwamba walikuwa wanaungoja.

Akatuketisha na kuanza kusema. Annezo alimwachia sahani mlangoni akaondoka mbio, hakueleza lolote. Alikula ngano, akawaombea marehemu wetu, Mama akiwa wa kwanza. Alipoiosha sahani akaigeuza, akasoma jina langu kwa rangi ya kucha. Akakaa chini. Akajisemea, miaka tisa, na Stamatia amenitumia ngano ya dada yangu, tena si katika bakuli la plastiki.

"Nimechelewa kuirudisha," akasema, "kwa sababu nimepekua nyumba nzima, sina cha kuweka ndani yake kinachoifaa. Nikaitundika isije ikavunjika. Leo asubuhi nimeiangalia mpaka maziwa yakamwagika jikoni. Sijui ni kitu gani, lakini sijachoka kuiangalia."

Nilimtazama Lemonia. Miaka sita hakuna mtu kisiwani aliyemwambia maneno hayo, na aliyeyasema ni mwanamke mkali kuliko wote, ambaye hata picha ya mumewe aliikosoa.

Sasa niambie wewe, dada mkubwa mwenye akili, ungefanyaje? Nikisema ukweli, kwamba sikumtumia kitu, kwamba sahani ilimfikia kwa sababu ya mbuzi na kimbelembele cha jirani, ninamchoma bibi kizee moyoni mbele ya ukuta wake. Nisiposema, meli inaondoka Jumanne na mwanangu anaondoka nyuma yake.

Aliyesema ni Lemonia. Alimshika mkono, akasema, "Usiharakishe, Bibi. Mama alikutumia kwa moyo wake wote. Irudishe utakapopata cha kuweka."

Mama Mkubwa akasema vizuri, baada ya sikukuu atatafuta lozi.

Tulishuka ngazi. Chini kabisa nikaanza kulia, nikamwambia mwanangu nimemwibia maisha yake mara mbili kwa siku mbili. Akanipangusa kwa mkono wa koti lenye udongo, akasema hakuna aliyemwibia, ameona sahani yake ikiwa ukutani kwa Bibi Maroudio, na hilo Athens hawawezi kumpa. Lakini usiku uleule niliona amelitoa sanduku la nguo chini ya kitanda.

Jumatatu ikapita. Bi Ourania alipiga simu, Lemonia akamwambia sahani haipo. Hakusema imevunjika wala imepotea. Bi Ourania akasema meli yake ni saa nane mchana, kama kitu kitabadilika.

Jumanne saa sita na robo nilikuwa namenya viazi. Nikasikia fimbo kwenye mawe ya kichochoro. Fimbo, hatua, fimbo, hatua, na kupumzika. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia mlangoni kwangu kwa miaka tisa. Nikafungua. Amekuja peke yake na goti lile, ameibeba sahani kifuani ndani ya kitambaa, na juu yake mlima wa vitamutamu vya lozi vyenye sukari laini, vya moto bado. Alikuwa amesaga lozi usiku kucha kwa mkono.

Hakukaa. Alisimama pale pale akihema, akaniambia Annezo amemfikia jana jioni na kumweleza kila kitu, kuanzia mbuzi mpaka meli. Nilikosa pa kuuficha uso. Nikaanza kujitetea, akainua fimbo ninyamaze.

"Ilikuja kwangu kwa makosa," akasema. "Kurudi hairudi kwa makosa. Nimeileta mwenyewe, na imejaa."

Evanthia, sijui nguvu zilitoka wapi. Nilipanda kwenye kiti na mikono yangu ya viazi, nikaishika ile sahani ya ndege, nikaitoa ukutani. Anestis akaja kunishika kiuno nisianguke. Nikashuka, nikampa. Nikamwambia, hii nakupa kwa kutaka, Mama Mkubwa, hii si makosa. Aliishika kama anashika mtoto wa siku moja. Akaipulizia vumbi.

"Nilikuwa nataka unipe," akasema. "Kuichukua ningeweza kuichukua siku ileile."

Tulilia wote, mpaka Anestis, ambaye anasema ni vitunguu ingawa nilikuwa namenya viazi. Halafu nikakumbuka meli! Tukamwaga vitamutamu mezani, Lemonia akairukia pikapu na sahani mapajani, Anestis akaendesha mpaka Linaria kama kichaa, na kengele zake nzito zikilia nyuma. Walifika mlango wa meli ukianza kupandishwa. Bi Ourania aliipokea ikiwa na sukari kwenye ukingo. Alipoigeuza akaona STAMATIA kwa rangi nyekundu ya kucha juu ya sahihi ya msanii, akatoa kitambaa aifute. Lemonia akamzuia. Akamwambia hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Maonyesho yalifunguliwa mwisho wa Machi. Nilikwenda, dada, mimi na viatu vyangu vipya vilivyonikata visigino. Ipo katikati ya ukumbi, kweli kabisa. Chini ya jina la Lemonia wameandika kwamba sahani ni mali ya Maroudio wa Skyros, haiuzwi. Lemonia amempa, na ikirudi inakwenda kwake. Mama Mkubwa anasema atapigilia msumari mwingine pembeni ya sahani ya ndege, wa kwanza tangu aolewe. Bwana mmoja mwenye miwani akaniuliza, kwa kuwa alisikia mimi ni mama, picha ile inamaanisha nini. Nikamwambia aiangalie mpaka maziwa yamwagike. Akaandika kwenye daftari lake.

Mimi mwenyewe bado siielewi. Lakini sasa ukinipa sahani mia za watu mia nimefunga macho, ya mwanangu nitaitambua kwa vidole.

Lemonia amelirudisha sanduku la nguo chini ya kitanda. Ameagiza udongo wa mwaka mzima, umemwagwa mlangoni mwa karakana, mbuzi wanaupanda. Anabaki, Evanthia. Anabaki!

Haya, sasa fungua.

Sahani hiyo ameichora kwa ajili yako. Usiniulize ni nini, na usijaribu kukwangua kitu. Kipimo chake si cha kubahatisha. Tangu sahani ya ndege itoke, ukuta wetu una tundu katikati, na msumari mtupu. Lemonia alipanda kwenye kiti na kupima nafasi ile kwa shubiri zake kabla ya kufinyanga. Geuza, utaona matundu mawili ya waya, na jina lako kwa rangi ya kucha. Nimeliandika mimi. Ukuta huu kwa haki ni wako, wewe ndiye binti mkubwa, na miaka thelathini na moja nimekulindia bila kukwambia.

Nisalimie sana Shemeji Pandelis, na mwanangu Kalliopi, na wale mapacha wake ambao nawajua kwa picha tu. Mama Mkubwa Maroudio anakusalimu, anauliza kama bado unakunja uso ukikasirika. Anestis na Lemonia wanakubusu. Hata Annezo anakusalimu, sinia langu akiwa nalo bado. Panagia, Mama wa Mungu, akufunike, akulinde goti na moyo, akufungulie njia.

Na sahani hiyo, dada, umeipokea kutoka nyumbani, kwa hiyo unajua inavyotakiwa kurudi. Ila usiitume kwa posta. Iweke mapajani kwenye ndege, uje nayo kabla ya sikukuu ya Agosti, na kama hujapata cha kuweka ndani yake, njoo nayo hivyo hivyo. Ukiwa umeishika wewe, haijarudi tupu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukumbuka kila nilipofuta vumbi ukutani,

Stamatia